Bustani si kazi ya boi: kutoka vilima vya Mayfair hadi timbo la Bamburi

Najua nimekuwa kimya sana hapa ukurasani. Ami alinitumia ujumbe juzi akaniuliza kama Johannesburg imenimeza. Haijanimeza, ni zamu za usiku tu. Leo nina mapumziko ya siku mbili, chai ya tangawizi iko mezani, na nina jambo la kuandika. Ni refu kidogo, kwa hivyo anayesomea kwenye simu akae kitako.

Jambo lenyewe wengi mnalijua, maana lilitokea mbele yenu kwenye kundi la familia. Mziwanda wetu alipata nafasi chuoni ya kusomea diploma ya kilimo cha bustani na upambaji wa mandhari. Baba akasema hakusomesha watoto ili mmoja awe shamba boi. Na mimi, ambaye ndiye wa kulipa karo, badala ya kunyamaza niliandika kwamba sikuvuka mipaka kuja kugeuza wagonjwa usiku kucha ili nimlipie mtu kujifunza kukata nyasi. Mkacheka. Mlituma zile picha za watu wanaolia kwa kucheka. Yeye akatoka kwenye kundi, na leo ni siku ya ishirini na mbili hapokei simu yangu.

Basi nataka kuomba radhi, lakini sitaki iwe radhi ya mdomo tu. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma, nikiuliza watu, na nikiangalia vizuri mtaa huu ninaokaa. Nimegundua kwamba nilikuwa nimekosea mambo mengi, na nadhani sikukosea peke yangu. Someni hadi mwisho halafu mniambie.

Nianze na Mayfair. Wengi mkisikia jina hili mnadhani ni mahali pa matajiri kama kule London. Siyo. Mayfair ya Johannesburg iko magharibi ya katikati ya jiji, imepakana na Fordsburg. Hapa utasikia adhana, utanunua halua, utakula sambusa na pilau, na ukiingia mtaa wa Wasomali utadhani uko Eastleigh. Zamani haikuwa hivi. Mayfair ilikuwa ya wafanyakazi wazungu, wengi wao wa migodini na reli. Sheria ya kugawa maeneo kwa rangi ilipitishwa mwaka 1950, na ikafutwa mwaka 1991. Wahindi walianza kuhamia hapa kabla haijafutwa, mwishoni mwa miaka ya 1970 na kwenye miaka ya 1980, wakijua kabisa kwamba wanavunja sheria. Wasomali wakaja kuanzia miaka ya 1990. Sisi Waswahili tumo humo humo, wachache, tumejibanza.

Sasa, Agosti hii ukija kwangu utakuta kitu kimoja nyumba zote: vumbi. Huku majira ya baridi hayana mvua, na Agosti upepo unaanza. Nafuta meza asubuhi, jioni naandika jina langu juu yake kwa kidole. Vumbi hili lina rangi ya manjano, laini kama unga wa sembe, na haliji kutoka barabarani tu. Kusini mwa mtaa kuna vilima. Mgeni akiviona anadhani ni milima ya Mungu. Ni taka za dhahabu.

Dhahabu ilipatikana mwaka 1886 kwenye shamba la Langlaagte, ambalo kutoka kwangu ni jirani kabisa, upande wa magharibi. Mwamba wake haukuwa na vipande vya kuokota. Ilikuwa lazima upondwe uwe unga ndipo utoe chembe kidogo. Kuanzia mwaka 1890 wakatumia njia ya sayanidi kuyeyusha dhahabu kutoka kwenye ule unga. Unga ukishakamuliwa unamwagwa, siku baada ya siku, miaka na miaka, hadi unakuwa kilima. Kwa hivyo mji huu wote umezungukwa na unga wa mawe uliopondwa na watu weusi kutoka Msumbiji, Malawi, Lesotho na kwingineko, na upepo ukivuma unga ule unarudi majumbani.

Hapa ndipo naanza kuzungumzia neno "ufundi", maana ndilo lililoniponza. Mwaka 1911 sheria ya migodi ya nchi hii iliweka msingi wa kutoa vyeti vya kazi za ufundi kwa kufuata rangi, na mwaka 1926 ikakazwa zaidi. Mtu mweusi angeweza kuifanya kazi ile ile miaka ishirini, akamfundisha mzungu aliyekuja jana, na mzungu ndiye akaitwa fundi. Mwaka 1922 wenye migodi walipotaka kuwapa weusi baadhi ya kazi hizo, si kwa mapenzi bali kwa sababu mshahara wao ulikuwa mdogo, wachimbaji wazungu waligoma na mgomo ukawa vita. Serikali ya Smuts ilitumia ndege na mizinga. Mapigano ya mwisho yalikuwa Fordsburg, Machi 1922, mahali ambapo mimi huenda kununua bizari kwa miguu. Walikufa watu wapatao 200.

Nilipoyasoma haya nikajiuliza: kama watu walikuwa tayari kufa ili neno fundi libaki lao, basi neno lile halikuhusu ujuzi peke yake. Lilihusu nani anaruhusiwa kuitwa hivyo. Na huko huko, kwenye nyumba zao, mwanamume mzima mwenye mke na watoto aliyejua kila mti wa uani aliitwa boi wa bustani. Kwetu Kenya wakoloni walifanya yale yale, wakatuachia "shamba boi". Mkoloni akaondoka, neno tukalitunza sisi. Baba yangu alilisema, na mimi nikalitafunia mdogo wangu mwenyewe mdomoni.

Haya, turudi kwenye vilima, maana hapo ndipo nilipoelimishwa.

Uani kwa nyumba ninayopanga kuna chumba anachokaa jirani yetu mmoja, mzee wa Kimalawi. Kila alfajiri ninapotoka zamu tunakutana getini, mimi naingia, yeye anatoka na begi lake la vifaa: mkasi wa kupogoa, msumeno mdogo, jiwe la kunolea, kamba. Miaka miwili nilimwamkia tu, nikijua ni mkata nyasi wa kwa matajiri. Wiki ile niliyogombana na mdogo wangu nikamuuliza kazi yake ikoje. Akaniambia kabla ya kwenda kwenye bustani za watu alikuwa kwenye kikosi cha kuotesha nyasi juu ya vilima vya mgodi. Nikacheka, nikamwambia kumwaga mbegu kwenye kilima kuna kazi gani. Akaniangalia kama mimi ninavyomwangalia mtu anayeuliza kuchoma sindano kuna kazi gani.

Akanieleza, na baadaye nikasoma nikakuta ni kweli tupu. Ule unga wa mgodi una madini ya chuma na salfa yaitwayo pairaiti. Yakipata hewa na maji yanageuka asidi. Kwa hivyo ukipanda mbegu, mizizi inaungua. Isipoungua, upepo unarusha mchanga na kuukata mche mchanga kama msasa. Na hata ukiuzuia upepo, unga ule hauna chakula chochote, ni mawe tu. Miaka mingi watu walijaribu wakashindwa. Ni katika miaka ya 1950 na 1960 ndipo Chama cha Migodi cha nchi hii kilipounda kitengo maalumu cha kuotesha mimea, na njia ikapatikana.

Njia yenyewe ni hii. Kwanza wanapanda safu za matete kukata upepo. Halafu wananyunyiza maji, lakini siyo kwa mpira kama tunavyomwagilia mchicha. Maji yanatoka kama ukungu, polepole, muda mrefu, ili asidi isukumwe chini bila kumomonyoa kilima. Kisha chokaa ya kuua asidi iliyobaki. Kisha mbolea. Ndipo mbegu, na siyo aina moja bali mchanganyiko, kwa sababu nyingine zinaota upesi na kufa, nyingine zinachelewa na kudumu. Ukiruka hatua moja, msimu mzima umepotea.

Nikamuuliza mzee, unajuaje kwamba sasa ni wakati wa kupanda? Akasema: "Unaanza na maji, halafu udongo, mmea ni wa mwisho. Mtu anayeanza na mmea hajui kazi."

Ndugu zangu, mimi ni nesi. Chuoni mwaka wa kwanza tulipigwa marufuku kugusa dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Presha, joto, mkojo, historia yake, ndipo utibu. Mzee yule alikuwa ananieleza kitu kile kile. Tofauti ni kwamba mimi nina digrii na sare nyeupe, na yeye hana hata karatasi moja inayosema anajua.

Siku hizi vilima vingi vinaoshwa upya kwa mabomba ya maji ili kutoa dhahabu iliyobaki, kwa hivyo hata nyasi zilizooteshwa zinaondolewa na vumbi linafumuka tena. Wodini tunawaona wenye pumu wakiongezeka upepo ukianza, na kuna wazee waliochimba chini ya ardhi ambao mapafu yao yamejaa vumbi la mawe na hayatapona. Siwezi kusema kila kikohozi cha Mayfair kinatoka kilimani. Lakini nyasi ikiwepo vumbi linatulia, na yule aliyeiotesha anafanya kazi yangu kabla mgonjwa hajanifikia.

Kitu cha pili nilichojifunza ni kuhusu miti. Mkifika Johannesburg mkatazama upande wa kaskazini kutoka juu, mtadhani ni msitu. Miti yote ile imepandwa. Kabla ya dhahabu hapa palikuwa nyasi tupu za nyanda za juu. Miaka ya 1890 mfanyabiashara Mjerumani, Eduard Lippert, alipanda msitu mkubwa wa mikalitusi aliouita Sachsenwald, ili kupata magogo ya kuegemeza mapaa ya migodi. Baadaye sehemu yake ikawa mtaa wa kifahari wa Saxonwold na bustani ya wanyama. Kumbukeni na Nairobi yetu: ile bustani ya miti ya Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti inayokua haraka, kwa sababu reli ilihitaji kuni za garimoshi. Yaani miti ya mji haikuja kama pambo. Mtu alikaa akahesabu mti gani, udongo gani, utakua miaka mingapi, utatumika kwa nini.

Na kama kawaida ya nchi hii, miti nayo ilikuwa na ubaguzi. Kaskazini kwa wazungu kivuli, kusini Soweto jua na vumbi. Mwaka 2006 idara ya bustani ya jiji ilianza mpango wa kuipanda Soweto, lengo miti 200,000 kabla ya Kombe la Dunia la 2010. Hiyo miti haikujipanda. Walihitajika watu wa kuikuza vitaluni, kuchimba mashimo, kuchagua aina isiyovunja mabomba, kuisimika wima na kuinywesha hadi ishike. Tena tangu mwaka 2017 kumegunduliwa nchini mbawakawa mmoja mdogo kutoka Asia, urefu wake kama milimita mbili, anayetoboa miti na kupanda ukungu ndani yake hadi mti unakauka. Miti mingi ya mji huu ameshaiua. Anayeweza kutambua tundu lile mapema na kusema mti huu ukatwe, huu uachwe, ana kazi mpaka atakapochoka mwenyewe.

Kuna mwanamke mmoja mzungu wa hapa nilipenda habari zake, Joane Pim. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kuifanya kazi hii kama taaluma kamili. Kampuni za migodi zilimpa kupanga bustani na miti ya mji mpya wa Welkom, uliojengwa kwenye nyanda kavu baada ya mwaka 1947. Mwaka 1971 alitoa kitabu akakiita Beauty is Necessary, yaani uzuri ni jambo la lazima. Shikeni mwaka huo, 1971, kwa sababu mwaka huo huo kuna kitu kilianza kwetu nyumbani, hatua chache kutoka kwa shangazi.

Sasa nafika Bamburi. Hapa ndipo nilipoona haya kabisa, maana mfano mkubwa wa kazi hii sikuhitaji kuja Afrika Kusini kuutafuta.

Kiwanda cha saruji kilianza kuzalisha mwaka 1954. Saruji inatokana na mawe ya matumbawe ya kale yaliyo chini ya ardhi ya pwani. Wanachimba, wanasaga, wanachoma. Kinachobaki ni timbo, shimo pana lenye sakafu nyeupe inayoumiza macho. Wazee mtakumbuka. Hapakuwa na udongo hata kijiko, jua likiwaka mawe yanachoma unyayo, na ukichimba kidogo tu unakutana na maji ya chumvichumvi. Hakuna kilichoota.

Mwaka 1959 kiwanda kilimwajiri kijana wa Uswisi, René Haller, kusimamia bustani. Sikilizeni vizuri: bustani. Alikuwa amesomea kilimo cha bustani, upambaji wa mandhari na kilimo cha nchi za joto. Hakuwa mhandisi wala daktari. Ungemleta kwa baba yangu kuposa, angeulizwa anafanya kazi gani, na jibu lingekuwa "natunza bustani ya kiwanda".

Mwaka 1971 akaanza kulishughulikia timbo. Alijaribu aina 26 za miti. Ishirini na tatu zikashindwa, tatu zikabaki: mnazi, mdamasi ambao asili yake ni Somalia na nchi za jirani, na mvinje. Mvinje ndio uliobeba kazi. Huu mti sote tunaujua, unasimama ufukweni kwenye chumvi na upepo. Mizizini mwake wanaishi vijidudu vinavyochukua naitrojeni hewani na kuupa mti chakula, kwa hivyo unaweza kuanza maisha mahali ambapo hapana kitu.

Lakini likatokea tatizo jingine. Majani ya mvinje, yale kama sindano, yalidondoka yakarundikana chini bila kuoza. Yana ukakasi ambao wadudu wengi hawaupendi. Bila kuoza hakuna udongo, na bila udongo hakuna mti wa pili. Haller akagundua kwamba jongoo, yule wa miguu mingi myekundu tunayemfagia mlangoni wakati wa mvua, anakula majani yale. Wakaletwa majongoo kwa mamia, wakaachiwa chini ya mivinje. Wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa udongo. Kwanza tabaka jembamba, mwaka baada ya mwaka likaongezeka. Hapo ndipo miti mingine ikapandwa, wakaja ndege, wakaletwa samaki, mamba na wanyama wa kula nyasi, kila mmoja na kazi yake. Mwaka 1984 njia ya matembezi ikafunguliwa kwa watu, na mwaka 1987 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa likampa Haller tuzo ya Global 500. Mahali penyewe leo panaitwa Haller Park.

Mmeshapajua. Ni pale tulipopelekwa na shule tukala mandazi na kupigwa picha na twiga. Ni pale alipoletwa yule mtoto wa kiboko, Owen, aliyepoteza wenzake wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akamfanya kobe Mzee kuwa mama yake. Dunia nzima iliona picha zile. Nani kati yetu alijiuliza wale wanyama wamesimama juu ya nini? Wamesimama juu ya sakafu ya timbo. Kivuli kile kimewekwa na mikono ya watu. Na Haller hakuibeba miche peke yake. Kuna wanaume na wanawake wa Kisauni na Bamburi waliopanda, wakamwagilia na kuokota majongoo kwa ndoo, ambao wakirudi nyumbani waliitwa vibarua.

Najua kuna atakayesema, "Huyo ni mzungu, alikuwa na kiwanda nyuma yake. Sisi ngozi nyeusi bustani haitutoi." Ni swali la haki, silikwepi. Nilisoma habari za marehemu Wangari Maathai, Mungu amlaze pema. Kabla ya Vuguvugu la Ukanda wa Kijani la mwaka 1977, na miaka mingi kabla ya tuzo ya Nobel ya 2004, alianzisha kampuni ndogo Nairobi aliyoiita Envirocare. Alitaka watu maskini wa eneo la Lang'ata waajiriwe kutunza bustani za matajiri na kupanda miti. Ikashindwa. Wenye nyumba hawakutaka kulipa kabla ya kazi kufanywa, na yeye hakuwa na mtaji wa kuwalipa wafanyakazi huku akisubiri.

Mimi hadithi hii imenifunza mambo mawili. Kwanza, kwamba mama yule, msomi mzima, hakuona haya kuanzia kwenye bustani za watu. Pili, kwamba kilichoiua kampuni siyo ukosefu wa kazi wala wa miti. Ni mtaji, na ni mteja anayeamini kwamba kazi ya bustani haihitaji kulipwa vizuri kwa sababu "ni boi tu". Yaani lile neno linaua mfuko, siyo moyo peke yake. Ndiyo maana mzee wangu wa Kimalawi, na ujuzi wake wote, analipwa kwa siku, na akiumwa hana kitu. Hana cheti cha kuonyesha, kwa hivyo bei anapangiwa.

Na hapo ndipo ninapobadilisha msimamo wangu mbele yenu. Nilidhani kumlipia mdogo wangu diploma ni kumlipia kukata nyasi. Kukata nyasi hakuhitaji diploma, na wala sitamlipia hilo. Diploma ni ya kusoma ramani ya kiwanja, kupima udongo, kujua maji ya mvua yatapita wapi ili yasiingie sebuleni, kupanga ukuta wa mawe usianguke, kujua mizizi ya mti gani itapasua tangi la choo, kuandika makadirio ya gharama na kumwambia mteja: nusu kabla, nusu baada. Angalieni pwani yetu. Mahoteli, majumba mapya, shule, misikiti, barabara, na mawe yanaendelea kuchimbwa kila siku kwa ajili ya kujenga. Kila shimo linalochimbwa litahitaji mtu wa kulirudisha. Nani atakuwa mtu huyo, mgeni tena?

Baba, nakuheshimu na unajua. Hukusomesha watoto ili wadharauliwe, hilo nalielewa. Lakini dharau haimo kwenye jembe. Wewe mwenyewe ulituotesha ule mwembe wa uani, ukaukinga mbuzi kwa miiba miaka mitatu, na leo ndio tunaoandaa biashara ya maembe ya mama. Hakuna aliyekuita boi.

Ami, uliandika kwenye kundi kwamba yeye alipata alama nzuri na anaweza kusomea uuguzi kama mimi. Kweli anaweza. Lakini nawaambia kwa uwazi, kazi hii ukiingia bila kuipenda, anayeumia ni mgonjwa. Yeye tangu mdogo alikuwa akihamisha miche ya watu usiku, mnakumbuka kesi ya mapapai ya jirani.

Kwa hivyo karo nitalipa, muhula kwa muhula. Masharti yangu ni mawili tu: amalize na apate cheti, na kila likizo aombe kujifunza kwa vitendo mahali penye kazi ya kweli, kwenye vitalu au timboni. Mengine ni yake. Baba na mama, naomba idhini yenu, siyo pesa yenu.

Jana asubuhi nilimwambia mzee wa uani habari za mvinje na jongoo. Alisimama getini akasikiliza yote, begi bado liko begani, akachelewa basi lake. Mwisho akaniuliza mbegu za mvinje zinapatikana wapi na zinastahimili baridi ya digrii ngapi. Nimemwambia nina mdogo wangu atakayejua.

Mdogo wangu, ukisoma hapa, nisamehe. Yale maneno nimeyafuta kwenye kundi lakini najua uliyasoma. Mzee anasubiri jibu la mbegu, na mimi nasubiri simu yako. Nitakuwa macho hadi saa nane usiku, na kesho kutwa ndiyo narudi zamu.

Wengine nyote nawasalimu. Shangazi, ukipita Haller Park niangalizie kama mivinje ile ya mwanzo bado ipo, unipigie picha. Mwambieni mama dawa za presha anywe asubuhi, siyo anapojisikia. Wassalaam, kutoka Mayfair yenye vumbi.